Mzee Absalom Obonyo na Tepe Mbili za Baba Yake

Tunayemsindikiza leo, Mzee Absalom Obonyo Ondiek, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Awasi, mtoto wa kwanza wa Ondiek Oduor na mkewe Adongo. Baba yake aliingia KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, mwaka 1942, akaja likizo mara moja akiwa koplo, kisha akapelekwa Burma. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi na kusema alipotelea msituni. Mwaka 1946 ukoo ulifanya kama tunavyofanya mwili ukikosekana: walizika tunda refu la mti wa yago mahali pake, wakamlilia, na Mama Adongo akarithiwa na shemeji yake.

Marehemu alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1953 ili achunge mbuzi. Mwaka huo lilitokea jambo alilotusimulia mara nyingi tulipokuwa watoto. Ilikuwa mchana, jua kali. Mwanamume aliyevaa koti refu la jeshi alisimama nje ya ua wa miti ya ojuok, anaitazama nyumba. Mbuzi waliacha kula. Marehemu alitaka kumwamkia kama alivyofunzwa, lakini mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama, alimshika mkono.

"Usimsalimie," alimwambia. "Huyo tulishamzika."

Kesho yake mtu yule alikuwa palepale. Siku iliyofuata hakuonekana tena. Mama Adongo alisema ni jachien, roho ya mtu asiyetulia. Sisi tuliipenda hadithi hiyo kwa sababu ilitutisha, na baba alikuwa akiisimulia akitabasamu.

Mwaka 1958 alikuja Kisumu, akafunzwa ushonaji na fundi mmoja wa Kihindi, kisha akafungua kibanda chake katika soko la Kibuye. Alijulikana kwa sare za walinzi na tepe za vyeo. Wanajeshi wastaafu walimletea beji zao za zamani, nyingine alizitoa kwenye makoti ya mitumba, akaziweka zote katika mikebe ya biskuti.

Alimwoa mama yetu, Rachael Naswa, mwaka 1966, katika kanisa hili tulilomo. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba katika nyumba yake kuna majenerali wengi lakini hakuna hata mmoja wa kuteka maji. Marehemu alicheka, akachukua mtungi na kwenda.

Mama Adongo alipofariki mwaka 1991, ndani ya sanduku lake, katika leso, kulikuwa na tepe mbili za koplo zilizokatwa kwenye mkono wa koti. Zilikuwa zimeraruka, zikashonwa tena kwa uzi wa nyavu, fundo mara mbili, namna Mama Adongo alivyoshona kila kitu. Wote tulisema mzee Ondiek alimwachia wakati wa likizo yake.

Mwaka 2009 Bwana Walubengo wa Mamboleo, mwenzake wa kukusanya beji, alipata kitabu kinene kutoka Uingereza kinachoonyesha beji za vyeo vya kijeshi, aina yake na miaka yake. Alimwomba marehemu akipime kama kinaaminika. Marehemu alichagua beji ambazo wenyewe walikuwa wamemweleza walipewa wapi na lini, akafunika maandishi ya kitabu kwa karatasi, akasema lake kwanza, halafu akafunua. Winny, binti yake, alimsaidia Kiingereza. Alikisifu kwa kuonyesha beji mbele na nyuma. Alikilaumu kwa picha za beji za shaba zilizogeuzwa juu chini, na kwa kurasa chache mno za Afrika Mashariki. Lakini katika kurasa hizo chache alikuta tepe za baba yake, kitambaa kilekile, mgongo uleule. Kitabu kilisema zilianza kutengenezwa mwaka 1951.

Alimwambia mama yetu peke yake. Kama kitabu kilisema kweli, basi Mama Adongo alizishona tepe zile baada ya kuzika yago, na mzimu hauleti nguo ishonwe. Kuanzia siku hiyo hakutusimulia tena hadithi ya mtu wa koti. Alikitafutia kitabu kile kosa katika tepe za kitambaa kwa miaka mingi, akiwafuata wazee wa KAR nyumbani kwao mmoja baada ya mwingine. Walubengo alikuwa akimtania, "Bwana fundi, kitabu changu umekifunga maisha?" Marehemu alijibu kwamba bado anakihoji.

Mwaka jana aliugua figo, akalazwa hapa Kisumu. Alasiri moja alimwambia Winny, "Sogea kidogo, kuna mtu nyuma yako anataka kupita." Winny alisogea. Hakuona mtu, ila pazia la kitanda lilisukumwa, kisha likatulia. Walubengo alipokuja kumwona, marehemu alimrudishia kitabu chake.

"Ni cha kweli," alisema. "Mzee alirudi nyumbani, nasi tukamwacha nje."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, baada ya kumwachia mama ombi moja kuhusu karatasi hii ya mazishi mliyoshika mikononi. Mzee wa kanisa, Bwana Enos, alipoiona kabla ya kuchapishwa, alisema kwa upole kwamba baba wa marehemu angekuwa na zaidi ya miaka mia, na hawezi kuandikwa pamoja na walio hai. Mama alimwomba amwonyeshe kaburi lenye mwili wake. Bwana Enos akairudisha karatasi, nasi tukaandika kama tulivyoagizwa.

Marehemu alitanguliwa na mama yake, Adongo. Ameacha mjane wake, Rachael, watoto wake, Winny na mimi Oduor ninayesoma haya, wajukuu, na baba yake, Koplo Ondiek, ambaye kama yuko mahali hapa, tunamwamkia na kumwomba apite mbele, akae na familia.

Mungu ampokee mzee wetu, ampe utulivu.