Mama Mayai na Inveta ya Baba Waweru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguza moto wa jikoni, vuta kiti, mwambie mtoto anyamaze kidogo. Mimi ni Dianah, na leo naomba mnisamehe mapema kwa sababu nitaongea mbio. Nimejaribu kujituliza tangu asubuhi, nimeshindwa. Mama ninayemkumbuka leo huwezi kumsimulia kwa sauti ya kinyonge. Angekuwa hai angenipigia simu saa hii hii aniulize, “Dianah, wewe ni mgonjwa?”

Tunamkumbuka Wamboi Njau. Narudia: Wamboi Njau, mzaliwa wa Makongeni, Thika, mkaaji wa Ruiru. Wengi wenu mlimjua kama Mama Mayai. Ile hiace kuukuu nyeupe iliyokuwa ikipeleka mayai madukani Ruiru nzima, ikipita kwa matuta taratibu kama bibi harusi, ilikuwa yake na aliiendesha mwenyewe. Aliaga dunia Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi, akipakia trei za mayai. Moyo ulisimama tu. Jumamosi tulimzika Gatuanyaga, kwenye shamba la familia.

Sasa, mumewe. Mzee Njau, Baba Waweru, alifanya kazi kiwandani Thika miaka mingi, na alipostaafu mapafu yakagoma. Daktari akampa mashine ya oksijeni. Ni sanduku la kadiri ya ndoo kubwa. Linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, linampelekea oksijeni kwa mrija wa puani. Bila stima, sanduku hilo ni stuli tu. Kwa hivyo Mzee Njau akawa mtu wa soketi. Alikula karibu na soketi, akalala karibu na soketi, na mgeni akija alisalimiwa kutoka karibu na soketi.

Alikuwa akisema, “Mbuzi hula urefu wa kamba yake.” Halafu anacheka mpaka anakohoa.

Wamboi hakucheka. Alimjibu, “Basi mimi nitakununulia kamba ndefu.”

Wasikilizaji wapendwa, yangebaki maneno tu ya mke na mume, lakini kijana wao Waweru akapata mchumba. Msichana mzuri, Katunge, Mkamba wa Kitui, ndani kabisa kupita Mutomo. Na kwa Wakamba, ukitaka mke unapeleka mbuzi. Wanaita ntheo. Usipopeleka ntheo hujaoa, hata mkiwa na watoto watano. Mbuzi hao hupelekwa na wazazi wa kijana, na kwao Katunge stima haijafika.

Ndugu wakashauri ami yake Waweru aende badala ya mzee. Wengine wakasema mzee aonekane kwa video kwenye simu. Mzee Njau akasikiliza wote, akatoa mrija puani ili asikike vizuri, akasema, “Mtoto wangu hataenda kuomba mke kama yatima na baba yake yuko hai.” Kisha akarudisha mrija.

Mambo yakaishia hapo. Baba lazima aende, na mashine lazima iende naye, ikifanya kazi njiani, ikifanya kazi usiku kucha kwenye boma lisilo na stima.

Waweru alileta jenereta. Alinisimulia mwenyewe. “Dianah, niliibeba na boda nikiona nimefanya kitu ya maana. Mathe akaiangalia, akaniangalia. Akaniuliza, ‘Moshi, kwa mtu wa mapafu? Waweru, umelogwa?’ Ikarudi na boda hiyo hiyo.”

Ndipo mama huyu wa mayai akaamua kugeuza hiace yake iwe nyumba ya kusafiria. Kitanda nyuma, sola juu, betri chini ya kitanda. Na katikati ya betri na mashine ya mzee kukahitajika kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya ukutani. Inveta. Kila kitu kilitegemea inveta.

Na hapa, jamani, ndipo Wamboi alipofanya kosa ambalo hata wewe unayenisikiliza ungelifanya. Sisi tunanunua vipi kitu cha umeme? Muuzaji anachukua balbu, anachomeka, balbu inawaka, tunatabasamu, tunalipa. Wamboi alinunua hivyo hivyo, kwa muuzaji wa pembeni mwa barabara. Balbu iliwaka mpaka wapita njia wakafunga macho. Akaenda nyumbani akiimba.

Akachomeka mashine ya mzee. Ikanguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Inveta ikalia pii pii pii, ikazima. Bahati soketi ya ukutani ilikuwa karibu. Mzee akarudishwa kwenye stima, akavuta pumzi, akamwangalia mkewe.

Wamboi akasema, “Haiya. Kumbe balbu haipumui.”

Andikeni maneno hayo mahali. Balbu haipumui! Mashine yenye mota ndani yake inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, mara kadhaa kuliko inavyotumia ikishatulia. Balbu haina habari hiyo. Halafu kuna inveta zinazotoa umeme wa kukwaruza, usio laini kama ule wa ukutani. Balbu inakula tu, haichagui. Mashine ya hospitali inakataa.

Akaanza kuzunguka Thika. Kila duka analoingia, muuzaji ananyoosha mkono kwa balbu. “Zima hiyo,” Wamboi anasema, anatoka. Mwishowe akafika kwa Abdulnasir, muuzaji wa sola na betri mjini. Abdulnasir naye, masikini, akachukua balbu. Wamboi akamwambia aiweke chini, kesho atakuja na balbu yake mwenyewe.

Kesho yake duka likifunguliwa, Abdulnasir anaona hiace nyeupe inasimama mlangoni. Anashuka Wamboi. Kisha inashuka mashine, mtungi wa oksijeni wa dharura, chupa ya chai, mandazi kwenye karatasi. Halafu anashuka Mzee Njau, amevaa suti!

Abdulnasir alikuja hapa studio jana, na bado anatikisa kichwa. “Wallahi, nilidhani wamekuja kunishtaki. Mama akaniambia, ‘Si ulisema inveta yako inaweza? Balbu yangu ndiyo hii.’ Nikamwambia, mama, huyu ni mtu! Akasema, ‘Ndiyo. Na ndiye itakayemfanyia kazi, si balbu.’”

Kiti kikatafutwa. Mzee akaketi katikati ya betri na paneli za sola, mtungi kando yake, Wamboi ameshika mkono wake. Inveta ya kwanza ilikuwa na namba kubwa sana kwenye boksi. Mashine ikaanza, ikanguruma, boksi likapata joto, pii pii pii. Wamboi akamhamisha mzee kwa mtungi kabla Abdulnasir hajapepesa macho. Kumbe ile namba kubwa ni ya sekunde chache tu, ile nguvu ya kurukia. Nguvu ya kufanya kazi mchana kutwa imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni, na ni nusu yake. “Mtu akijisifu,” Wamboi akamwambia Abdulnasir, “muulize anaweza kubeba gunia mpaka wapi.”

Ya pili ilikuwa ndogo kwa umbo na nzito mkononi. Inatoa umeme laini, kama wa ukutani. Mashine ikaanza. Ikapiga mguno mmoja, ikatulia. Kimya. Ikapumua kama iko nyumbani.

Abdulnasir akaanza kuifunga kwenye boksi. Wamboi akamuuliza anaharakisha kwenda wapi. Mzee atakaa hapo. Atakaa mpaka alale, kwa sababu mashine ikisumbua hata kidogo yeye halali. “Akikoroma,” akasema, “nimenunua.”

Nyinyi! Mzee Njau alikaa duka hilo siku nzima. Akanywa chai. Akala mandazi. Wateja wakiingia wanamwona mzee wa suti na mrija puani, wanaamkua kwa heshima, wanamuuliza bei. Naye anawajibu! Anawaambia, “Hii nimeijaribu mimi mwenyewe.” Abdulnasir anaapa hakuwahi kuuza kama siku hiyo. Jua lilipoanza kupoa, kichwa cha mzee kikainama. Duka likanyamaza. Wateja watatu wamesimama na bidhaa mkononi, wote wanasikiliza.

Mzee akakoroma.

Wamboi akaruka! Mama mtu mzima aliruka katikati ya duka, akampiga Abdulnasir bega, akasema, “Funga!”

Ikafungwa. Betri ikanunuliwa ya kutosha usiku mzima, na fundi akaonywa kwamba waya wa kutoka betri kwenda inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri, maana waya mwembamba hapo unapata moto. Ule wa kutoka inveta kwenda kwa mzee ndio unaweza kuwa mrefu. Wamboi akanunua ekstensheni.

Mutomo wakapita, kwa kina Katunge wakafika, wasikilizaji wapendwa! Mbuzi nyuma kwenye pikapu ya ami, mzee mbele kwenye hiace na mashine yake, na mtungi pembeni kama alivyoshauri daktari. Watu wa boma walipoona taa ya gari na kusikia kuna stima, kila mtu akaleta simu yake ichajiwe. Wamboi akasimama mlangoni. “Hii stima ina mwenyewe, na mwenyewe anapumua nayo.” Wakacheka, wakarudi na simu zao.

Kesho yake, tatizo. Wazee walikuwa wameketi chini ya hema, na ekstensheni ikaishia katikati ya uwanja. Mzee Njau amesimama pale, waya umekaza, hafiki. Babake Katunge, Mzee Munyao, akatazama ule waya. Nilizungumza naye kwa simu. Alisema, “Wui! Mgeni ameleta mbuzi kutoka Ruiru, mimi nishindwe kubeba kiti?” Akainua kiti chake. Wazee wote wakainua viti vyao, wakamfuata Njau alipoishia. Ntheo ikapokelewa katikati ya uwanja, juani. Mzee Njau akasema maneno yake yote, mrija ukiwa puani, na hakuna aliyemharakisha. Waweru akapata mke.

Wamboi alifurahi, lakini lile la viti lilimkaa rohoni. Waliporudi, akapita tena kwa Abdulnasir akanunua ekstensheni nyingine, ndefu, ya mzunguko mkubwa kama gurudumu la lori. Waweru alimtania sana. “Nikamuuliza, mathe, huu waya ni wa kufika Sagana? Akaniambia, ‘Sitaki mtu abebe kiti tena.’”

Baada ya hapo nani angewashika? Walienda Nanyuki. Walienda Baringo. Na kila walipofika alinipigia hapa kipindini, mnakumbuka, hasalimii, anapiga kelele tu: “Dianah, tuko Baringo! Anakoroma!” Nami nacheka hewani mpaka wakubwa wangu wananiita.

Sote tulijua nani angetangulia. Tulimtazama mzee na mrija wake, tukajua. Hatukujua kitu.

Jumamosi pale Gatuanyaga, hiace haikuweza kusogea. Kaburi liko ndani ya shamba, mbele kuna mahindi na makaburi ya wazazi. Nilikuwa nimesimama hapo. Nikamwona Mzee Njau mlangoni mwa gari, na suti ile ile, na nikapata hofu, kwa sababu kaburi halina miguu. Wazee hawawezi kuliinua walilete. Waweru akatoa lile gurudumu la waya. Akaanza kulifungua akitembea, na baba yake nyuma yake, na kijana mwingine amebeba mashine. Wakapita mahindi. Wakapita makaburi. Wakafika. Mzee akainama akachukua udongo kwa mkono wake, akamrushia mkewe. Nikaangalia chini, na gurudumu bado lilikuwa na waya.

Nililia, siwafichi. Alikuwa amemnunulia kamba ndefu kama alivyosema.

Kwa Mzee Njau, kwa Waweru na Katunge, kwa ndugu na majirani wa Makongeni na Ruiru, poleni sana. Mungu awashike. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi, na kinajivunia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, fikiria jambo hili moja. Kuna kitu unakitegemea, labda ni kifaa, labda ni ahadi ya mtu, labda ni neno lako mwenyewe. Umekijaribu na nini? Na balbu? Kijaribu na yule usiyeweza kumpoteza. Kaa naye siku nzima, umshike mkono, uone kama atalala.

Nimalize na hili. Tangu Jumanne ile Mzee Njau alikuwa hajapata usingizi. Soketi ipo, mashine inafanya kazi, stima haijapotea, lakini anakodoa macho tu. Jana akaomba apelekwe kwenye hiace. Akalala kwenye kile kitanda cha nyuma, Waweru akawasha inveta, akakaa mlangoni kusikiliza.

Leo asubuhi simu yangu ikalia. Ni Waweru. Hakunisalimia.

“Dianah,” akasema. “Anakoroma.”