Uji wa Ndanu na Simu ya Mamake

Wasikilizaji wapendwa, leo sitawabembeleza. Tunamkumbuka Syombua. Syombua wa mtaa wa Pipeline, mamake Ndanu. Nimonia ilimchukua mwezi uliopita, bado kijana, na tangu hapo nimesikia upuzi mwingi juu yake. Kwa hivyo leo mtanisikiliza.

Ndanu ana miaka sita. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Shingo yake haina nguvu, mikono inakakamaa, na kumeza kwake ni kazi. Narudia kwa anayefungua redio sasa: kumeza kwake ni kazi. Chakula kikipita njia mbaya, kinaingia kwenye mapafu.

Hospitalini Syombua alionyeshwa mara moja tu namna ya kumlisha, haraka haraka, foleni ikisubiri nje ya mlango. Akarudi kwenye chumba chake orofa ya sita. Majirani hawakumletea msaada. Walimletea maneno. Mtoto amerogwa. Mama ana laana. Mpeleke kwa nyanyake mashambani, mbona unajitesa?

Basi Syombua akanunua bando la intaneti. Akatafuta. Akapata kundi la Facebook la akina mama wenye watoto kama wake. Mmoja yuko Kitale, mwingine Mombasa, na mwingine hapa hapa jijini, mtaa wa Jericho, anaitwa Marion. Akatazama video za wataalamu wa mazoezi ya viungo, akazirudia mpaka akaelewa. Mtoto akae wima. Kidevu kishuke kidogo. Uji uwe mzito. Kijiko kidogo, kisha ungoje ameze.

Wala hakumeza kila alichokiona. Kuna jamaa aliyeleta kundini mafuta ya kuponya ubongo. Syombua akamuuliza, "Yamemponya nani? Taja jina na mtaa, tukamtembelee." Jamaa akajitoa mwenyewe.

Baadaye akaanza kurekodi video zake, kwa Kiswahili na Kikamba, sufuria za majirani zikigongana nyuma ya sauti yake. Akina mama waliokuwa wamewafungia watoto wao ndani ya maploti ya Pipeline, yale majengo ya vyumba vya kupanga, wakaanza kumwandikia. Wakaanza kutoka nje.

Na majirani waliona nini? Mwanamke mvivu, kutwa na simu mkononi. Na hao waliosema hivyo hutazama mpira kwenye simu hizo hizo mpaka macho yanakuwa mekundu.

Sasa nisikilizeni. Jioni moja ya matanga, chumba cha Syombua kilikuwa kimejaa watu. Kavinya, mamake mumewe, alikuwa amefika kutoka kijijini Mwala. Kavinya anampenda mjukuu wake. Shikeni hilo, anampenda. Alimlaza Ndanu chali mapajani, akamziba pua, akammiminia uji mwepesi kwa kiganja, jinsi alivyowanywesha wanawe wote. Wengi wetu tulinyweshwa hivyo hivyo.

Marion akaingia. Akaona.

"Pole sana, shosho. Lakini tafadhali mwinue mtoto."

Muthama, shemeji ya marehemu, mkazi wa Komarock, akamgeukia. "Na wewe ni daktari wa wapi? Wa Facebook?"

"Ndio, wa Facebook. Lete wako tumwone."

Mara Ndanu akapaliwa. Midomo ikabadilika rangi. Kavinya akapiga mayowe. Marion akamtwaa mtoto, akamkalisha, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja. Uji ukatoka. Ndanu akalia. Marion ananiambia hajawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku hiyo.

Kisha akatoa simu, akafungua video. Sauti ya Syombua ikajaa chumba kile, na mwenyewe yuko mochari.

"Usimzibe pua, mama yangu. Sasa unataka apumulie wapi?"

Kavinya akaisogelea simu mpaka uso wake ukakaribia kuigusa. Akasema, "Rudisha nyuma. Nionyeshe tena."

Muthama alikuwepo. Aliona yote kwa macho yake. Lakini siku ya mazishi, kule Mwala, alisimama mbele ya jeneza akashika maikrofoni. "Shemeji yangu alikuwa mtu mzuri, ila simu ilimharibu. Vijana, jihadharini." Na hotuba hiyo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa anaisoma kwenye simu!

Kavinya hakungoja kuitwa. "Muthama, kaa chini."

"Mama, bado sijamaliza..."

"Umemaliza. Kaa."

Akakaa. Kavinya akaichukua maikrofoni. "Mimi nilikuwa namuua mjukuu wangu kwa mikono hii, huku nikimpenda. Huyu msichana alijua namna ya kumlisha. Alikaa na sisi miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, mwanangu, unatazama nini kwenye hiyo simu? Hakuna. Hata mimi."

Kavinya hakurudi Mwala. Anaishi Pipeline sasa, na mwanawe Matheka, mume wa marehemu, na mjukuu wake. Kusoma hajui, kwa hivyo huwatumia wenzake kundini ujumbe wa sauti. Wiki iliyopita aliuliza kama uji wa wimbi unafaa. Akajibiwa na akina mama wa Kitale, Mombasa na Jericho kabla sufuria haijachemka.

Matheka, ndugu yangu, pole kwa kumpoteza mkeo. Kavinya, pole, na asante kwa kusema. Ndanu, pole mwanangu, ulikuwa na mama hodari. Mungu amlaze Syombua pema.

Na wewe unayenisikiliza, hapo kwenye ploti yako kuna mwanamke ameinamia simu. Umeshamtengenezea jina. Huenda anatazama upuzi, upo mwingi. Huenda anajifunza namna ya kumlisha mtoto asife. Kipi kati ya hivyo? Hujui. Mlango wake uko hatua chache kutoka kwako. Nenda ukamuulize, angali hai.