Marobota Mawili, Alama Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikundi chetu cha filamu, Dada Mildred. Mwenyeji wetu Mama Chausiku, uliyefunga mgahawa mchana wa biashara ili tuketi hapa. Ndugu wageni waalikwa wa mitaa ya Xiaobei na Zhongda, huku ugenini kwa Wachina, ambao simu zenu zimelala kwenye beseni tupu la wali pale mlangoni ili pasipigwe picha, na hamkununa: habari za mchana.

Mimi ni Careen, mwandishi wa filamu fupi mtakayoitazama sasa hivi. Nimeombwa nieleze ilivyozaliwa.

Tulitaka hadithi ya wanaume wawili wanaopendana, na fedha hatukuwa nazo. Kila mmoja alileta wazo lake. Kijana wa hadithi ya Dada Mildred alifukuzwa kwao. Wa Derick, mpiga picha wetu, alipigwa hadi kufa. Wangu alijitupa mtoni. Niliposoma, wote waliinamisha vichwa, nami nikadhani wameguswa.

Kisha mmoja wa wale wafanyabiashara wawili wapendanao ambao filamu hii inawahusu, ambaye leo nitamwita Jovitus, akauliza, "Dada Careen, hawa watu wenu huwa hawali?"

"Watakula saa ngapi, na wamewaua wote?" mwenzake akadakia. "Tena huyu wa mtoni ana mzigo ghalani. Nani atautoa?"

Tulicheka hadi Dada Mildred akatokwa machozi. Lakini swali lile nililala nalo. Ni nani aliyetufundisha kwamba mapenzi yetu hayawi hadithi mpaka mtu azikwe? Na mimi, ninayempenda mwanamke mwenzangu, mbona niliamini?

Basi tukawauliza wanaishije. Wakasema wanagombana. Jovitus hukaza kamba ya robota kupita kiasi, na mwenzake humwambia, "Hizo ni jinzi, baba, si wafungwa."

Sote tunajua kwamba hapa kila mfanyabiashara huandika alama yake kwenye mzigo, na alama haiazimwi, kwa kuwa mwenye alama ndiye mwenye mali. Wale wawili huandika alama moja. Laobani, yaani bosi mwenye ghala, alipowauliza kama wamezaliwa tumbo moja, walijibu ndiyo, wakaendelea kufunga. Hapo ndipo tulipoipata filamu.

Lakini Jovitus anarudi nyumbani Jumapili, kwa mama yake na kwa watu wasiomjua hivi. Uso wake ukionekana, atarudi kwa nani? Tukaahidi kupiga mikono tu. Derick alitumia simu yake na mwanga wa dirisha la ghala, na hata ile alama tukaibadilisha.

Siku ya mwisho mwenzake alimtania, Jovitus akainua kichwa akacheka, na simu ikaunasa uso wote. Ndugu zangu, sijawahi kuona mtu aliyependwa akionekana wazi namna ile. Derick alisihi tuibakize picha ile. Jovitus alitutazama tu. Tukaifuta, mbele yake.

Nimesoma shule nyingi, nimepata vyeti, lakini kazi ninayojivunia kuliko zote ni picha ile ambayo hamtaiona.

Wako humu. Msiwatafute. Alama ikitokea mwishoni, pigeni makofi mkitazama mbele.

Nawashukuru kwa kunisikiliza kwa utulivu. Mama Chausiku, tushushie pazia, filamu ianze.