Podikasti ya Gereji na Mashine ya Mzee Shamte

Assalaam aleikum, ndugu zangu, ninyi wa nchi kavu na ninyi wa visiwani. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitoa mahali ambapo hata mbwa wa gatini akiniona napita alikuwa anahamisha mfupa wake.

Naitwa Sefu, fundi wa mashine za boti, hapa Kibiti upande wa gatini. Mimi ni mtoto wa Mtunda, kwetu ni mihogo na mikorosho. Kidato cha nne nimekimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu, na cheti nimekitundika juu kabisa gerejini kisipate grisi. Ufundi niliupata Dar es Salaam kwa bwana mmoja ambaye angeweza kuifungua mashine na kuifunga huku amesinzia. Nayasema haya msije mkadhani nilikuwa fundi mbovu. Kosa langu lilikuwa kwamba mimi ni fundi, basi.

Mnajua wenyewe fundi anavyotazamwa huku kwetu. Mtu anatoka Kiongoroni na mashine yake mbovu, anaiacha kwangu, anawahi boti ya kurudi kwa sababu maji hayamsubiri. Akifika kwake halali. Anaamini huku nyuma namchomolea spea nzima na kumwekea mkweche. Kwa hiyo wateja walikuwa wakija na plagi zao zimepakwa rangi ya kucha, nyekundu, ya wake zao, ili wakirudi wakague kama ni zilezile. Mmoja alimleta mama mkwe wake akae mlangoni kunilinda. Mama wa watu alikaa na ukili wake anasuka, macho kwenye mikono yangu. Mkeka ukaisha, mashine haijaisha, akaanza mwingine.

Na mimi nikawa siwaamini wao. Mteja akicheka na mwenzake nikajua ni mimi. Akinyamaza, nikajua ananihesabia boliti. Tukawa tunatazamana kama paka wawili kwenye samaki mmoja. Kila msimu wateja walipungua, na nikaanza kuona wazi kwamba gereji itafungwa nami nitarudi Mtunda kulima mihogo na cheti changu.

Sasa binamu yangu Mwajuma, anayeuza mitumba Dar es Salaam, akanipigia simu.

"Kaka Sefu, watu hawakuamini kwa sababu hawakujui. Anzisha podikasti."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Ni kipindi kama cha redio, ila redio ni wewe. Unaongea kwenye simu, unarusha, mtu anasikiliza akiwa na nafasi. Mimi wateja wangu nusu wamenipatia huko."

"Na anayefaidi ni nani?"

"Wewe."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi zaidi. Kitu ambacho anayefaidi ni mimi sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Nikamwuliza kama watanitaka alama za vidole. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Nikaanza. Nilijifunika blanketi gerejini ili kelele zisiingie, nikatoka nimelowa kama niliyeanguka mtoni. Vipindi vya mwanzo nilijisifu mwenyewe: cheti changu, bisibisi zangu, uaminifu wangu. Juma, nahodha wa boti ya abiria, akawa anavichukua kwenye simu yake na kuwarushia watu wa visiwani, maana huko mtandao ni wa kuutafuta kama kuku aliyepotea. Hakuongezeka mteja. Mwajuma akaniambia kwa upole kwamba kipindi cha pili kilimsaidia kupata usingizi.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona limeteremka kutoka mbinguni. Mashine mbovu ina mlio wake. Kwa nini nisiwasikilizishe watu ugonjwa wenyewe, wajue naujua? Wiki hiyo mzee Shamte wa Kiongoroni alikuja kuulizia tu. Akavuta kamba, mashine ikawaka kwa shida, nikairekodi. Nilipomwambia kinachoisumbua, alinitazama kama mtu anayetazama mkono wa mwizi ulioko mfukoni mwake, akaibeba mashine yake akaondoka. Mimi jioni nikarusha.

"Sikilizeni hii, wapenzi wangu. Inakohoa, inameza, inakohoa tena. Hapo maji yameingia kwenye mafuta, na kabureta imejaa uchafu. Mwenye mashine simtaji, siri ya mteja naitunza."

Siri gani? Mtoto wa mihogo mimi, sikujua jambo ambalo visiwani hata anayetambaa analijua. Kule mashine haina siri. Mama yuko jikoni, anasikia mlio nyuma ya mikoko, boti bado haijaonekana, anamwambia bintiye, "Baba Asha huyo, bandika maji." Kila mashine wanaijua kwa sauti kama tunavyojua sauti ya muadhini wetu. Kipindi kilipofika Kiongoroni, watu walicheka kabla sijamaliza kusalimia. Mashine ya Shamte imekwenda redioni.

Na Shamte, ndugu zangu, alikuwa anaiuza. Alishakubaliana na bwana Athumani wa Mbwara, mkulima aliyetaka kujaribu uvuvi, na alimwapia kwamba mashine ni nzima kama ng'ombe dume. Athumani ana shemeji Kiongoroni, na kipindi kilipomfikia akataka apunguziwe bei. Unaona mambo yalivyokwenda.

Mzee Shamte alitua gerejini kwangu asubuhi, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Athumani amekulipa kiasi gani?"

"Mzee wangu, huyo Athumani simjui hata kwa sura."

"Humjui, ila unajua kuniharibia. Na hao watu wa maliasili, nao huwajui?"

Nikamwuliza maliasili wanaingiaje hapa. Akanieleza kwa ukali. Wakata mikoko wasio na kibali walikuwa wanasema fundi wa Mtunda anakusanya milio ya mashine za watu. Leo anarusha yenye kikohozi, kesho anawapelekea watu wa maliasili milio yote, wajue nani aliingia mkondo gani. Ndiyo maana anatumia simu. Ndiyo maana hatozi anayesikiliza. Nani anafanya kazi bure?

Kufika adhuhuri gereji ilikuwa nyeupe. Kila mwenye mashine alikuja kuichukua, nyingine zimefunguliwa nusu, boliti kwenye kofia. Mama mkwe naye akakunja mkeka wake wa pili akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa naanza kukuzoea." Hapo ndipo nilipolia. Saa chache baadaye Juma akaleta salamu: wazee wa Kiongoroni wananiita nikajieleze, na niende na simu yangu.

Nilisali alfajiri, nikamwambia Mola wangu kwamba mimi sina mwingine. Nikapanda boti. Abiria wote walikaa upande mmoja, mimi peke yangu upande wa pili, boti ikaenda imeinama.

Tulikutana kwenye banda la samaki. Simu yangu ikapita mkono kwa mkono. Walisikiliza kila nilichorekodi, na bahati nzuri kilichojaa humo ni mimi najisifu. Katikati ya kipindi cha pili mzee mmoja akasema, "Zima. Mpelelezi hawezi kuchosha hivi." Watu wakacheka kidogo, ila Shamte hakucheka.

Ndipo Mwenyezi Mungu akamsimamisha Bi Zuhura, mnunuzi wa kambamiti, mwenye boti yake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe.

"Shamte, mashine yako inakohoa tangu Ramadhani iliyopita. Sote tunaisikia. Huyu kasema uongo gani?"

"Kaisema mbele za watu."

"Bila ruhusa, hapo kakosa, na atakuomba radhi. Lakini mimi nina wasiwasi na fundi aliyesema kweli. Sijawahi kumwona. Nataka nimjue vizuri." Akanigeukia. "Bwana fundi, mashine ile pale. Itengeneze hapa hapa, simu ikiwa inarekodi, mwanzo mpaka mwisho. Kama unajua, tutasikia. Kama hujui, pia tutasikia."

Nikamwomba Shamte radhi kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kidevu tu.

Nilifungua mashine ile kijiji kizima kikinipumulia shingoni. Ninaapa hata kaa walitoka matopeni kutazama. Nikamwaga mafuta, nikaonyesha maji yaliyojikusanya chini. Nikasafisha kabureta, kila kipande nikampa Shamte akishike mwenyewe, akirudishe mwenyewe mkononi mwangu. Nilipomaliza nilisema, "Mzee, nenda nayo. Zunguka nyuma ya mikoko, tusikuone."

Akavuta kamba. Ikawaka mara moja. Akaenda, akapotea nyuma ya mikoko, tukabaki na mlio tu. Moyo wangu ulipiga kuliko mashine.

Mtu mmoja akasema, "Hiyo siyo ya Shamte."

Nikajua nimekwisha. Sasa watasema nimembadilishia.

Mke mkubwa wa Shamte, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, akainua kidole. Akasikiliza. Akasema taratibu, "Ni yake. Ndivyo ilivyokuwa ikilia alipokuwa anakuja kunichumbia."

Ndugu zangu, banda lilipasuka kwa kicheko mpaka Shamte huko nyuma ya mikoko akazima mashine akidhani kuna msiba.

Aliporudi nikamwuliza kama ananiruhusu kurusha nilichorekodi. Alimtazama mkewe. Kisha akaivuta simu karibu na mdomo, kama anayezungumza na kiziwi, akasema: "Mimi Shamte. Hii ni mashine yangu, spea zote ni zangu, nimezishika. Athumani, kama unasikia, nimeghairi. Siuzi."

Hicho ndicho kipindi kilichonitoa. Alhamdulillahi. Juma alikieneza visiwa vyote. Tangu siku hiyo kila mashine inayoingia kwangu nairekodi kwa ruhusa ya mwenyewe, inapokuja na inapopona, na mwenyewe ndiye anayesema kama ni yake. Wanaosikiliza wanakuja na mashine zao, wengine wanatoka mbali kiasi kwamba wakifika wamesahau walichofuata.

Hata Athumani alikuja. Kanunua mashine kwingine, na kabla ya kulipa alinitumia mlio wake.

Sitawadanganya kwamba wasiwasi umekwisha. Huku kwetu hauishi, na sasa nadhani Mungu ana sababu yake. Plagi bado zinakuja zimepakwa rangi. Mama mkwe bado anakuja na ukili, siku hizi bila mashine yoyote ya kulinda, na ukisikiliza vizuri utamsikia kwenye kipindi akinisahihisha.

Kwa hiyo wewe unayesoma, unayeogopa kuniletea mashine yako, njoo nayo na wasiwasi wako wote. Mtegemee Mungu kwanza, mimi nikague. Kama umesahau rangi ya kucha nyumbani, usirudi. Nimenunua kichupa, kipo mezani karibu na mlango, chini ya cheti.