Kitanda cha Buluu

Bwana asifiwe! Nasema asifiwe, na nyinyi mlioketi kule nyuma karibu na spika pia msikie: asifiwe! Mimi naitwa Jerusha, fundi wa nguo hapa Kawangware, na wengi wenu mnanijua kwa mdomo wangu. Ndugu zangu, leo mdomo huu umekuja kutubu.

Mnakumbuka kanisa lilipoanza kutafuta familia za kupokea watoto wasio na wazazi, ili wasikulie kwenye makao ya watoto. Mchungaji aliniweka mwenyekiti wa kamati. Nilifanya ile kazi kwa nguvu! Niliingia ploti kwa ploti, vyumba vyote vya kupanga, hapa na kule Kibera, nikieleza malezi ya kambo ni nini: kwamba unakaa na mtoto kwa kibali cha serikali, afisa wa watoto anakuja kwanza kuona unavyoishi, na baadaye, sheria ikiruhusu, unaweza kumwasili awe wako kabisa. Wengi walisema watafikiria. Aliyekubali mara moja ni Mama Atieno, muuza samaki wadogo wa omena kule Soweto East, Kibera, ambaye watoto wake wameshakuwa watu wazima. Yeye aliomba mtoto mchanga. Na mimi pia nikajaza fomu.

Nilijaza kwa sababu ya Zawadi. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alifariki, na watu wake wakatafutwa wasipatikane. Kila Jumamosi tulipokwenda kuwaona watoto kwenye makao, alinishika sketi, hasemi kitu, ananifuata tu hadi getini. Nilimpenda mtoto huyo, ndugu zangu, na nikaogopa.

Acha niwaambie kwa nini niliogopa. Mama yangu alipokufa, nililelewa na shangazi huko Magharibi. Shangazi hakunipiga. Alinilisha. Lakini watu wakija alikuwa akiwaambia, "Huyu ni mgeni wetu, anakaa tu kidogo." Nilikaa miaka kumi na mmoja! Binamu zangu walilala kitandani, mimi nikalala jikoni juu ya magunia. Nikakua nikiamini kwamba mtoto asiye na kitanda hana kwao. Na mimi katika chumba changu kimoja nilikuwa na cherehani, na kitanda kimoja tu.

Kwa hivyo nilipofundisha familia namna ya kumpokea afisa, niliwafundisha kupamba. Azima pazia. Azima kochi. Ficha jiko bovu. Serikali haimpi maskini mtoto. Hayo ndiyo maneno yangu, na ninayarudia hapa kwa aibu.

Mama Atieno hakupenda. "Jerusha, mi naona tumwambie tu vile tunaishi," akasema.

"Kwani unataka mtoto ama hutaki?" nikamkata.

Akaenda kuazima kitanda cha mtoto kwa mama mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise, ambaye yeye Mama Atieno humfulia nguo. Kilikuwa kitanda kizuri cha mbao, kimepakwa rangi ya buluu.

Afisa alikwenda kwake siku ya Jumanne. Ni mama wa makamo, mpole, haongei sana. Aliketi kwenye kile kitanda, na alipoinuka msumari ukamshika sweta, sweta jekundu. Wakacheka, akaaga. Jumatano tukakipakia kitanda kwenye mkokoteni, kikaletwa kwangu, nami nikionyeshe kama changu. Alhamisi afisa akaja Kawangware.

Ndugu zangu! Alisimama mbele ya kile kitanda muda mrefu. Kisha akainama, akatoa kwenye msumari kauzi kekundu, akakaweka juu ya sweta lake. Rangi ni ile ile.

"Mama," akasema, "mimi na hiki kitanda tunajuana."

Nikageuka kupanga vitambaa vilivyokuwa vimepangwa tayari. Mimi, mwenye mdomo! Hakunigombeza. Alifunga faili, akasema maombi yote mawili yatasimamishwa, langu na la Mama Atieno, mpaka ajue tumeficha nini kingine.

Jumamosi nikaenda kwenye makao kama kawaida. Zawadi alikuwa ameshavaa viatu, ameshika mfuko wa nguo zake. Mtu alikuwa amemdokezea kwamba huenda akahamia kwangu. Alinifuata hadi getini, geti likafungwa, akabaki ndani na mfuko wake. Niliporudi nyumbani nilipiga magoti kando ya cherehani, nikalia. Nikasema, Bwana, ni mimi niliyemfungia mtoto huyu geti! Na hapo Mungu akanionyesha jambo ambalo sikutaka kuliona. Mama Atieno alikuwa ananyimwa mtoto kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nimenyamaza tu.

Jumatatu nikaenda ofisini. Nilimwambia afisa kila kitu, shangazi na magunia, pazia na kochi. Nikasema, "Madam, niondoe mimi kwenye orodha. Lakini Mama Atieno ni mimi nilimsukuma. Usimnyime mtoto kwa makosa yangu." Nilijua ninaweza kumpoteza Zawadi kabisa.

Akaniangalia. "Kwani ulidhani nilikuja kukagua fanicha? Nilikuja na swali moja. Huyo mtoto akishikwa na homa na wewe umeenda soko la Gikomba kutafuta vitambaa, nani atamfungulia mlango?"

Ndugu zangu, nikawahesabu majirani zangu kichwani. Nilikuwa nimeazima vitu kwa majirani wote, na hakuna hata mmoja niliyekuwa nimemwomba anisaidie kulea.

Hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua. Niligonga milango ya ploti yetu, mmoja baada ya mwingine, nikasema maneno ambayo sijawahi kuyasema tangu nitoke kwa shangazi: peke yangu siwezi. Mke wa fundi viatu, wa chumba cha pili, akasema yeye yuko nyumbani mchana. Mwenye ploti, Mzee Njoroge, aliyezaliwa hapa kabla ploti hazijajengwa, alinung'unika tu. "Mtoto mwingine? Na maji je?" Nikajua huyo amekataa.

Baada ya wiki mbili afisa akatokea bila kutuambia. Kitanda cha buluu kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe. Nikasema, "Madam, nina kitanda kimoja. Tutalala wote mpaka nipate cha pili." Akauliza lile swali lake la mlango. Kabla sijajibu, sauti ikatoka pale nje kwenye mfereji wa maji.

"Andika mimi!" Ni Mzee Njoroge. "Niko hapa siku nzima, naenda wapi? Andika na huyo wa chumba cha pili. Mtoto ni wa ploti. Lakini asichezee maji!"

Afisa alicheka mpaka akashika mlango. Akaandika. Mama Atieno akapewa mtoto wake, na mimi nikapewa Zawadi! Siku aliyokuja alibeba ule ule mfuko.

Sasa kamati yetu haifundishi kupamba. Kila familia inayojiandikisha inapewa majirani watatu wa kushika zamu, wa kumpeleka mtoto kliniki, wa kukaa na mama anapochoka na kulia. Si rahisi, sitawadanganya tena. Zawadi alikaa majuma mengi bila kuongea, na kuna siku nilitaka kukata tamaa.

Lakini mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka nyumbani. Akamwona mtoto amesimama mlangoni, akauliza, "Huyu mgeni ni nani?" Zawadi akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mimi si mgeni. Mgeni ni wewe. Karibu kwetu."

Namshukuru Mungu! Namshukuru kwa aibu ya ule uzi mwekundu, kwa maana bila hiyo ningekuwa bado mwongo hadi leo. Ndugu yangu, kama unajiona nyumba yako ni ndogo, mwamini Bwana, aliyenitosha mimi katika chumba kimoja. Mama Atieno ameketi pale nje na fomu, mtoto wake yuko mgongoni. Nendeni kwake tukimaliza ibada. Na mkipitia kwa jirani, msiazime kitu. Mwombeni aandike jina lake chini ya lenu.