Kokoto za Makaburini

Katika tramu ya mji wa Łódź, Poland, nikiwa nimempakata mwanangu, nilimsikia mama mmoja Mkatoliki akimwambia mzee Myahudi aliyeketi kando yake: "Jana parokia yetu ilisafisha makaburi yenu. Kokoto zote zilizokuwa juu tulizifagia, tukawasha mishumaa."

"Ole wangu, mama! Kokoto zile ndizo salamu zetu kwa wafu. Ile ya kaburi la mke wangu Gitla niliiweka mwenyewe."

"Sisi tulidhani uchafu! Kwa nini hamkusema?"

"Mlituuliza?"

Nikawaza: hata nyumbani kwangu ufagio hutangulia maswali.

Tramu iliposimama makaburini, wote wawili waliinuka. "Basi nifundishe kokoto zinavyowekwa," alisema mama.

"Kwanza niambie mlizimwaga wapi."