Mama Rogathe Aweka Chaki Chini

Ndugu Raheli Aminieli anastaafu tarehe 30 Juni 1978, baada ya kulitumikia Shamba la Mkonge la Kwamlindi kwa miaka ishirini na mitatu. Hapa shambani hakuna anayemwita kwa jina hilo isipokuwa karani wa mishahara. Sisi wengine tunamwita Mama Rogathe, na jarida letu litamwita hivyo hivyo, maana tukiandika Ndugu Raheli nusu ya wasomaji watauliza ni nani huyo.

Alishuka kutoka milimani mwaka 1955, mjane kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni, akaajiriwa kuosha vyombo katika klabu ya mameneja. Siku hizo mtu mweusi aliingia klabuni akiwa na sinia mkononi, au hakuingia kabisa. Ukutani palitundikwa ubao wa vishale uliochongwa kwa mti, na kila jioni Mama Rogathe aliulaza kwenye karai la maji, kwa sababu kwa jua hili la Same ubao mkavu hupasuka kama kisigino. Mameneja walirusha vishale vyao wakacheka, naye akapita na sinia lake akitazama.

Uhuru ulikuja, mameneja wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mashamba yalipotaifishwa klabu ikawa yetu. Tulivikimbilia vile vishale kama watoto. Matundu tuliyotoboa ukutani mwaka ule bado yapo, ingawa ukuta umepakwa chokaa mara nyingi. Kila mtu alikuwa na kanuni zake, huyu akisema alama zilizobaki humalizwa kwa dabo tu, yaani ule ukanda mwembamba wa ukingoni unaohesabiwa mara mbili, yule akisema popote, na kila jioni iliishia kwa kushikana mashati, mpaka Mama Rogathe alipotoka jikoni, akafuta mikono, akachukua chaki. Tangu hapo hakuirudisha. Mwenyekiti wa klabu wa wakati huo alishauri kazi ya kuandika alama apewe mwanamume, kwa kuwa wachezaji ni wanaume na ni wabishi. Mama Rogathe alimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu isipewe mwanamume.

Ubao wa alama ulipakwa lami pale pale ukutani, kuume kwa ubao wa vishale. Kabla ya kuhitimu kisomo cha watu wazima alijua tarakimu lakini si majina, kwa hiyo kila mchezaji alichorewa alama yake. Mimi niliyetoka Ziwa Nyasa nilikuwa samaki. Mzee mmoja wa Kigoma alichorewa mdomo, na wote tuliomfahamu tulikubali kwamba amefanana. Aliyebishia hesabu mara moja alisamehewa, aliyebisha mara ya pili alifutwa na kwenda kulala. Jamani, tulicheka sana katika chumba kile. Sijui kama vijana wanaokuja klabuni leo na redio zao wanacheka hivyo.

Kati yetu alikuwapo Eliezeri, kijana wa Bombo, dereva wa trekta, na mkono wake ulikuwa wa ajabu. Mwaka 1972 alimwoa Rogathe, binti pekee wa Mama Rogathe. Tulicheza ngoma mpaka viatu vikaisha. Lakini baada ya harusi mchezo wake ukaharibika. Klabuni alishindwa na kila mtu, hata na mimi samaki, na watu wakasema ndoa imemlegeza. Cha kushangaza, alipokwenda Mwanga kwenye mchujo wa mkoa aliwafagia wote.

Ndipo likaja shindano la mwaka 1973, ambalo kwa heshima kubwa lilifanyika klabuni kwetu. Wachezaji bora wa nchi walikuja kupambana na washindi wa mikoa, na mshindi wa mkoa ambaye angemwangusha mmoja wa wale wakubwa angeingia katika daraja lao na kwenda Dar es Salaam kwenye fainali za taifa. Waamuzi walivutiwa pia na Mama Rogathe. Walimwahidi kwamba akimaliza siku ile vizuri ataandika alama za fainali hizo. Hakuwa amewahi kuiona Dar es Salaam. Alishonesha gauni kabla hata ya siku kufika. Kanuni ilikuwa moja tu: mwandika alama haondoki mahali pake mchezo ukiendelea, na akiondoka, safari hana.

Eliezeri alipangiwa Kurwa wa Tanga, mchezaji wa pili kwa ubora nchini. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Mchezo wa kwanza kati ya mitatu Kurwa alishinda bila kutoa jasho, kwa sababu vishale vyote vya Eliezeri vilikimbilia kushoto, kwenye nane na kumi na moja, na kimoja kikachoma ukuta. Wa pili ukaanza vile vile. Wengine walisema ni woga. Wengine walinong'ona kwamba Mtanga yule kaja na dawa zake. Rogathe, aliyekuwa mjamzito, alijifunika uso kwa khanga.

Mama Rogathe peke yake aliona. Aliona jinsi mkwewe anavyosogea kuchomoa vishale akiwa ameinamisha macho, akimzunguka kwa mbali. Alinivuta karibu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Novatus, huyu mtoto hawezi kurusha kitu chenye ncha upande niliosimama mimi. Kwao hilo halifanywi kwa mkwe. Shika chaki."

Nilimkumbusha Dar es Salaam. Akasema, "Nimesema shika."

Akatoka kwa mlango wa jikoni mbele ya waamuzi wote, mchezo ukiendelea. Jikoni hakuna dirisha la kutazamia ukumbini. Alikaa mle akiosha glasi ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Watu walipomwagika jikoni wakipiga vigelegele na kumwambia kwamba Eliezeri ameshinda, aliniuliza kama ubao nimeufuta vizuri.

Dar es Salaam alikwenda mwandika alama kutoka Moshi. Eliezeri alikwenda, na hadi leo ni mmoja wa wale wakubwa. Lile gauni Mama Rogathe alilivaa kanisani.

Tangu hapo mchezo ule umesimuliwa kwenye mashine za korona zinazokamua mkonge, kwenye foleni ya posho, hata kwenye misiba. Mama Rogathe akikaribia tunanyamaza, maana Eliezeri aliona aibu mkwewe asikie jinsi alivyorusha. Naye mwenyewe hajauliza hata siku moja. Hivyo, katika watu wote waliokuwa klabuni siku ile, ni yeye tu asiyejua ulivyokwisha.

Klabu inamzawadia cherehani, na mwenyekiti atasema maneno mazuri ya kumshukuru. Kila neno analistahili. Mimi nimemwomba Eliezeri ruhusa ya kutoa zawadi yangu hapa, naye amekubali.

Mama Rogathe, ulikwisha hivi. Eliezeri alishinda mchezo wa pili. Katika wa tatu Kurwa alibakiza dabo moja tu, akaikosa. Mkwe wako alikuwa amebakiza ishirini na kishale kimoja mkononi. Ili amalize ilimbidi apige dabo kumi, na wewe unajua dabo kumi iko wapi: kuume, usawa wa bega lako unapoandika. Nilikuwa nimejibana kando kabisa, pembeni mwa ukuta, kwa hiyo pale pako palikuwa patupu. Aliinua mkono, akaushusha. Watu wakaguna. Kisha akageukia pale pako, akainamisha kichwa kama anayekusalimu asubuhi, na kwa kuwa nilikuwa karibu kuliko wote, nilimsikia mimi peke yangu.

Alisema, "Nisamehe, mama." Ndipo akarusha.

Uishi miaka mingi yenye raha, Mama Rogathe, wewe na wajukuu zako. Tunakushukuru kwa chaki uliyoishika, na zaidi kwa siku ile uliyoiachia.

Novatus Mapunda, Stoo